Jinsi Azimio la Arusha Linavyomvuta Msomaji

Chukueni daftari na kalamu. Mwalimu wa darasa, tafadhali uwe na chaki karibu, maana leo nitakuomba uandike maneno machache ubaoni.

Somo letu la leo ni habari za maandishi yanayoshawishi, na hasa maandishi ya siasa. Tumekwisha jifunza kusoma taarifa, hati ya malipo, na barua ya mtoto aliye mbali. Maandishi hayo yanatupasha habari tu. Lakini yako maandishi mengine yanayotaka kitu kutoka kwetu. Yanataka tukubali, tuinuke, tutoe mali yetu au nguvu zetu. Mtu ajuaye kusoma hana budi kuyajua maandishi ya namna hii yanavyofanya kazi, asije akavutwa kama ng'ombe aliyefungwa kamba puani.

Kwanza tutenganishe mambo mawili: amri na ushawishi. Amri haihitaji ufundi wa maneno. Mwenye kuamuru ana askari nyuma yake, au ana mshahara wako mkononi mwake. Mwenye kushawishi hana kitu ila maneno, nawe unayo ruhusa ya kumwambia hapana. Kwa sababu hiyo yampasa kufikiri kabla ya kusema.

Ufundi huu ninyi mnaujua tangu zamani, hata kabla ya kushika kalamu. Mfikirini mshenga. Mshenga mwenye akili hafiki mlangoni na kusema, "Tumekuja kumchukua binti yenu." Huketi, hupokea kahawa, huulizia hali ya wazee, hukumbusha namna koo hizi mbili zilivyosaidiana mwaka wa njaa. Anatafuta kwanza jambo ambalo hata baba wa binti hawezi kulikataa. Akipata "ndiyo" ya kwanza, "ndiyo" ya pili haiko mbali. Basi wengi wa waandishi wakubwa wa maandishi ya siasa ni washenga, na posa yao huja mwishoni.

Leo nimechagua andiko moja tu, nalo limeandikwa kwa lugha yetu wenyewe: Azimio la Arusha. Kama mnayo nakala, ifungueni. Kama hamna, si neno, nitaeleza.

Azimio lilipitishwa na Halmashauri Kuu ya Taifa ya chama cha TANU katika mkutano uliofanyika Arusha tangu tarehe 26 mpaka tarehe 29 Januari 1967, likatangazwa kwa wananchi tarehe 5 Februari. Kiongozi wa TANU, Mwalimu Julius Nyerere, ndiye aliyekuwa Rais wa Tanzania. Tanganyika ilikuwa imejitawala kwa miaka mitano na kitu. Andiko lenyewe lina sehemu tano: imani ya TANU, siasa ya ujamaa, siasa ya kujitegemea, habari za uanachama, na mwisho azimio lenyewe pamoja na masharti ya viongozi. Kumbukeni pia kwamba wakati huo zaidi ya nusu ya watu wazima wa nchi hawakujua kusoma. Wengi walilipata Azimio kwa masikio, kwa redio na katika mikutano, na ukilisoma kwa sauti utaona kwamba linakaa vizuri mdomoni. Sentensi nyingi ni fupi. Maneno yake mengi ni ya shambani na nyumbani.

Basi tuanze na sehemu ya kwanza. Haitaji jembe wala benki. Ni orodha ya imani, na kila imani inaanza kwa neno moja: kwamba. Kwamba binadamu wote ni sawa. Kwamba kila mtu anastahili heshima. Kisha inakuja haki ya raia kushiriki katika serikali, haki ya kusema, kwenda atakako na kufuata dini yake, haki ya kulindwa yeye na mali yake, haki ya kupata malipo halali kwa kazi yake. Baadaye inasemwa kwamba utajiri wa asili wa nchi ni mali ya raia wote pamoja. Na karibu na mwisho wa orodha tunafika penye jambo kubwa sana: kwamba ni lazima serikali iwe na mamlaka juu ya njia kuu za uchumi.

Mmeona? Hii ni ngazi. Kidato cha kwanza kiko chini kabisa, hata mtoto anakipanda: nani atasema hadharani kwamba binadamu si sawa? Cha pili kiko karibu na cha kwanza, na cha tatu karibu na cha pili. Ukiangalia chini unakuta umefika juu ya paa. Mtu aliyeanza kwa kukubali usawa wa binadamu amefika mahali pa kukubali kwamba benki ziwe mikononi mwa serikali. Wala halikuwa jambo la maneno tu: tarehe 6 Februari 1967, siku moja baada ya Azimio kutangazwa, mabenki yalitaifishwa.

Sisemi kwamba ngazi hii ni ya udanganyifu. Kila kidato kimeandikwa wazi, hakuna kilichofichwa. Lakini kazi ya msomaji ni kusimama katika kila kidato na kujiuliza: hiki nacho nakikubali, au nimekipanda kwa sababu tu nilikwisha kupanda kile cha chini? Watu wawili wenye akili wanaweza kukubaliana kabisa juu ya usawa wa binadamu, wakaachana penye habari ya benki.

Namna hii ya kuanzia penye usawa haikuanzia Arusha. Tarehe 4 Julai 1776, mjini Philadelphia, wajumbe wa makoloni 13 ya Marekani walitoa tangazo la kujitenga na Mfalme wa Uingereza. Nao pia walianza kwa kusema kwamba watu wote wameumbwa sawa, kisha ndipo wakaorodhesha makosa ya mfalme, moja baada ya moja. Aliyeliandika, Thomas Jefferson, alikuwa mwenye watumwa. Mwaka 1791 Benjamin Banneker, mtu mweusi aliyekuwa huru, mkulima wa Maryland aliyejifundisha mwenyewe elimu ya nyota, alimwandikia Jefferson barua. Alimkumbusha maneno yake yale yale, akamwuliza inakuwaje anayeyasema awaweke wenzake utumwani. Jefferson alimjibu kwa adabu, lakini wengi wa watumwa wake hakuwaacha huru mpaka kufa kwake. Nawatajia habari hii kwa sababu moja. Mtu akianza hoja yake kwa neno kubwa, neno hilo hubaki limeandikwa, na anayejua kusoma aweza kumrudishia.

Sasa turudi Arusha, katika sehemu ya tatu, ile ya kujitegemea. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye ufundi mwingi zaidi.

Sehemu hiyo inaanza kwa vita. Inasema kwamba TANU inapigana vita, na adui ni umaskini na kuonewa. Mwafahamu kwamba Tanganyika ilipata uhuru wake tarehe 9 Desemba 1961 bila ya vita. Kwa nini basi andiko hili lichague neno la vita? Kwa sababu neno likikubaliwa, linaleta ndugu zake. Ukikubali kwamba tuko vitani, utauliza mara moja: silaha yetu ni nini? Na hilo ndilo swali ambalo Azimio linataka uulize. Jibu lake liko tayari: silaha tuliyoichagua, yaani fedha, si yetu. Maskini hawezi kupigana kwa silaha asiyokuwa nayo. Tazameni jinsi mfano mmoja ulivyofanya kazi ya kurasa nyingi. Mwandishi angeweza kueleza kwa hesabu za uchumi kwamba nchi haina mtaji, na wasikilizaji wangesinzia. Amesema silaha, na kila mtu ameelewa.

Mwalimu, sasa andika ubaoni maneno haya matatu: tumeonewa, tumenyonywa, tumepuuzwa.

Yasomeni pamoja kwa sauti. Mara nyingine tena.

Katika Azimio maneno hayo yamepangwa kwa mfuatano, na kila moja limefungwa kwa tamko lile lile, kwamba imetosha. Ni kama wanawake watatu wanaotwanga katika kinu kimoja: mchi hufuata mchi, na anayepita njiani husikia mdundo kabla ya kuona watu. Tatu ni hesabu inayokaa sikioni. Mara mbili ni kidogo, na mara tano msikilizaji amekwisha choka.

Lakini yatazameni tena. Yote matatu yanaishia kwa -wa. Mlijifunza kwamba kitenzi cha namna hii kinamtaja aliyetendewa, na aliyetenda aweza kuachwa. Tumeonewa na nani? Kila msikilizaji alimtia mtu wake: huyu mkoloni, huyu mwenye shamba la mkonge, huyu mnunuzi wa pamba mwenye mizani mibovu. Kwa hiyo wote waliitika. Na mara tu baada ya kuitika, Azimio linageuza uso. Linasema chanzo cha kuonewa huko ni unyonge wetu, na dawa ni kuuondoa unyonge huo. Msikilizaji aliyekuja kulalamika anajikuta amepewa kazi. Huu ndio ufundi ninaoupenda kuliko wote katika andiko zima. Kulaumu adui ni rahisi. Kumwondoa mtu katika lawama na kumpeleka katika kazi, bila ya kumvunjia heshima, si rahisi.

Sasa habari ya fedha. Azimio linatuletea mbunge anayesimama na kusema watu wake hawana maji, akitaka kujua Serikali itafanya nini. Jibu analopenda kusikia ni kwamba maji yatapatikana, kwa fedha. Anasimama mwingine kuulizia barabara. Zitajengwa, kwa fedha. Wengine nao wana haja zao za shule na hospitali, na jibu linalotakiwa ni lile lile: kwa fedha. Neno hilo linarudi na kurudi kama kiitikio cha ngoma, mpaka msikilizaji anaanza kucheka. Na anayecheka anajicheka mwenyewe, maana naye alisema hivyo hivyo katika mkutano wa kijiji juma lililopita. Hakuna aliyetukanwa kwa jina, na kila mmoja ameguswa.

Baada ya kicheko inakuja hoja, na hapa nataka msikilize kwa makini. Mwandishi dhaifu hujifanya kwamba mpinzani wake hana la kusema. Azimio halifanyi hivyo. Linamruhusu mpinzani aseme: kama hatuna fedha, si tutoze kodi? Linajibu kwamba watu wetu ni maskini, na kodi ina mwisho wake. Basi si tuombe misaada kwa matajiri wa dunia? Linajibu kwa mfano mzuri. Hata ndani ya nchi tajiri, matajiri hawatoi mali yao kwa hiari kuwasaidia maskini wa nchi yao, hutozwa kodi na serikali yao. Lakini hakuna serikali ya dunia nzima inayoweza kuyatoza kodi mataifa tajiri. Basi tukope! Linakubali kwamba mkopo una heshima kuliko sadaka, maana mkopo hulipwa. Lakini linauliza: hulipwa na nani?

Hilo ni swali la thamani kubwa. Mkopo wa nje hulipwa kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni wakati ule zilitoka hasa katika mazao ya mkulima: pamba, kahawa, mkonge. Na mkopo umejenga nini? Hospitali kubwa mjini, barabara ya lami, taa za umeme, hoteli. Basi mkulima analipa, na mtu wa mjini anafaidi. Azimio linaonya wazi kwamba tusipoangalia, wanyonyaji wa kweli katika Tanzania wanaweza kuwa wakazi wa mijini, nao wanaonyonywa wakawa wakulima. Hapa hakuna mdundo wa kinu wala mfano wa vita. Ni hesabu tu, na hesabu ikiwa sahihi yashawishi kuliko kelele.

Tena wasikilizaji wa mwaka 1967 walikuwa na jambo la karibu la kukumbuka. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa ajili ya shauri la Rhodesia, na mkopo wa Uingereza wa pauni 7,500,000 ukazuiwa. Aliyesikia kwamba msaada wa nje waweza kuhatarisha uhuru hakuhitaji kuelezwa sana. Hoja huota haraka katika ardhi iliyokwisha limwa na matukio.

Sasa tufike penye jambo la hatari: kumkaripia msomaji wako. Azimio linawaambia wanaume wa vijijini kwamba wanapumzika karibu nusu ya maisha yao. Linasema mwanamke wa kijijini anafanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu, na hali mfanyakazi wa mshahara anafanya saa 45 kwa juma. Linataja soga, ngoma na pombe. Wanaume mliopo darasani mnainama, nawaona kwa masikio.

Mwandishi apata wapi ruhusa ya kusema hivyo? Tumekwisha ona kwamba aliwatetea wakulima hao hao juu ya mikopo. Hakuishia hapo. Katika sehemu ya mwisho anawageukia wakubwa. Kila kiongozi wa TANU au wa Serikali awe mkulima au mfanyakazi. Asiwe na hisa katika kampuni. Asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari. Asipokee mishahara miwili au zaidi. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Na ili mtu asije akaandika nyumba kwa jina la mkewe, sharti lilihesabu mume na mke kuwa kitu kimoja. Karipio la mnyonge limelipwa kwa karipio la mkubwa. Ukiondoa moja, lingine linakuwa matusi.

Mzee mmoja aliyekuwa mwanafunzi wetu alinisimulia kisa hiki. Azimio liliposomwa kijijini kwao yeye hakujua herufi hata moja. Msomaji alikuwa mtu mwenye cheo kidogo, mwenye sauti nzuri. Alisoma habari ya wanaume wavivu mara mbili, polepole, na watu wakacheka na kuona haya. Kisha akafunga kitabu, akasema yaliyobaki ni mambo ya ofisini. Miaka ikapita. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, naye akaingia darasa la jioni akiwa na mvi kichwani. Alipoweza kusoma kwa shida kidogo, aliazima kitabu kile kile, akafika sehemu ya tano. Akakuta habari ya nyumba za kupangisha. "Nyumba tuliyokutania siku ile," akaniambia, "ilikuwa ya kupangisha, na ilikuwa yake." Nilimwuliza alifanya nini. Akasema siku ile hakufanya kitu, ila alisoma ukurasa ule mara ya pili, polepole, kama yule bwana alivyosoma ule mwingine.

Kwa hiyo msomapo andiko lo lote la kushawishi, ulizeni pia limesomwa na nani, na ameruka nini.

Sasa niseme mahali ambapo Azimio halinishawishi mimi. La kwanza, linapenda kugawa watu katika mafungu mawili ya heshima, wakulima na wafanyakazi, na kwa upande wa pili wanyonyaji. Fundi cherehani mwenye mashine moja amekaa wapi? Mvuvi aliyeajiri vijana wawili? Mama mwenye duka la chumvi na viberiti? Maneno mawili yakipangwa vizuri hutufanya tusahau kwamba liko la tatu. La pili ni ule mfano wa vita. Mfano huo una nguvu, lakini vitani mtu anayeuliza maswali huweza kudhaniwa kuwa yuko upande wa adui. La tatu, linachukua kwa wepesi kwamba kitu kikiwa mikononi mwa serikali ya wakulima na wafanyakazi, basi kiko mikononi mwa wakulima na wafanyakazi wenyewe. Kati ya mikono hiyo na ile kuna ofisi nyingi.

Na habari ya amri tuliyoanza nayo? Septemba 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko jingine juu ya ujamaa vijijini, akasisitiza kwamba watu waingie katika vijiji vya ujamaa kwa hiari, kwa kushawishika, wasilazimishwe. Wachache tu waliingia kwa miaka michache ya kwanza. Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, na mamilioni ya watu wakahamishwa katika miaka iliyofuata, wengine kwa nguvu, na nyumba nyingine zikibomolewa au kuchomwa. Hapo ufundi wa maneno ulikwisha kazi yake, au ulishindwa. Yako maoni mengi juu ya miaka hiyo, na wazee wenu wanayajua kuliko mimi. Waulizeni. Kwa somo letu angalieni jambo moja: andiko la mwaka 1967 halikufutwa. Aliyekuwa nalo mkononi aliweza kuonyesha kwa kidole mahali palipoandikwa hiari.

Masharti ya viongozi nayo yalilegezwa mwaka 1991, huko Zanzibar, katika kikao cha Halmashauri Kuu ya Taifa ya Chama cha Mapinduzi, chama kilichorithi TANU na Afro-Shirazi mwaka 1977. Tangu hapo kiongozi aliruhusiwa kuwa na hisa na nyumba ya kupangisha.

Tumebakiwa na dakika chache, nazo nataka tuzitumie kwa kalamu zenu. Sikilizeni barua hii kwa mwenyekiti wa kijiji:

"Kisima kimeharibika. Tunateseka sana. Ninyi viongozi mmelala. Leteni fundi upesi."

Yote aliyosema huenda ni kweli. Lakini mwenyekiti ataisoma, atakasirika, ataiweka chini ya kitabu. Sasa sikilizeni hii:

"Ndugu Mwenyekiti. Katika mkutano wa mwezi wa tatu sote tulikubaliana kwamba kila kaya ichangie matengenezo ya kisima. Kaya 41 za mtaa wetu zimechanga, na stakabadhi tunazo. Tangu tarehe 6 mwezi huu pampu haitoi maji, na wake zetu na watoto wanakwenda mtoni, saa moja kwenda na saa moja kurudi. Tunajua kwamba fundi hulipwa na kwamba fedha ya kijiji si nyingi. Kwa hiyo twaomba mambo mawili tu: fedha zilizochangwa zitangazwe, na fundi aitwe kabla ya mwisho wa mwezi. Kuchimba na kubeba mawe tutafanya wenyewe."

Inaanza penye makubaliano, kama mshenga. Ina hesabu. Inamjibu mpinzani kabla hajasema. Mwandishi ameahidi jasho lake mwenyewe. Lakini nimeacha kosa moja ndani yake makusudi. Nani amelisikia? "Zitangazwe." Zitangazwe na nani? Tumerudi kwa kile kitenzi chenye -wa. Katika wimbo wa kuamsha watu kinafaa. Katika barua ya kudai hesabu, kinampa mkosaji mahali pa kujificha. Andikeni: "Mtunza hazina atutangazie."

Kazi ya juma hili ni hii. Kila mmoja aandike barua fupi, isiyozidi ukurasa mmoja, juu ya jambo la kweli la mahali pake: daraja, zahanati, bei ya mazao, mpaka wa shamba. Msibuni. Kisha mbadilishane barua, na mwenzako aipigie mstari kila sentensi ambayo mpokeaji anaweza kuikataa. Mwalimu wa darasa, mchague mbili mzisome kwa sauti, zote mpaka mwisho, bila ya kuruka.

Juma lijalo, saa kama hizi, tutasoma hati ya mkopo na maandishi yake madogo ya chini. Aliye na miwani aje nayo. Kwaherini.